Kipimo Chapanda Bila Kibali

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Kamati ya Usawa wa Maandalizi, ambayo mimi ni Katibu wake, nautangazia umma kwamba chuo chetu kimekomesha kabisa tatizo sugu la watu kuja kwenye usaili wa muziki wakiwa wamejiandaa kuliko wenzao.

Tatizo lilikuwa la muda mrefu. Kila mwaka vijana wanaoomba nafasi katika Idara ya Muziki walifika na vyombo vyao, wakaingia ukumbini mmoja mmoja, wakapiga, na waliopiga vizuri ndio waliochukuliwa. Hakuna aliyejiuliza maswali magumu. Yule aliyepiga vibaya kosa lake nini? Wenzake walikaa nyumbani kufanya mazoezi, yeye alikuwa na shughuli nyingine. Huo ni ubaguzi wa mchana kweupe dhidi ya watu wenye shughuli nyingine.

Aliyeligundua hilo ni Mwenyekiti wetu, mtu mwenye maono na sauti nzito, ambaye kabla ya kuletwa kwenye muziki alisimamia maegesho ya magari hapa chuoni. Aligundua mwaka huu, mwanawe wa kiume alipoomba nafasi ya tarumbeta. Mambo hayo mawili hayahusiani, na naomba yasihusishwe.

"Ndugu wajumbe," alituambia katika kikao cha uzinduzi, "usawa si kila mtu kupewa nafasi ya kupiga. Usawa ni kila mtu kupiga sawasawa na mwenzake."

Tulipiga makofi, na mimi nikaandika kwamba tulipiga makofi. Kisha likaja swali la kitaalamu: sawasawa na nani? Mjumbe mmoja, ambaye ni Mhasibu na hupenda kusema mambo bila kutafakari, alipendekeza wote wapandishwe hadi kwa aliye bora. Tulimweleza kwamba kumpandisha mtu kunachukua muda, ilhali kumshusha ni suala la waraka mmoja tu. Kwa hiyo ikaamuliwa apatikane mwombaji mmoja wa wastani, asiyejiandaa kupita kiasi, awe Kiwango Rejea, yaani wa kupimia wenzake. Baada ya mchujo wa haki akapatikana mtoto wa Mwenyekiti. Kuanzia siku hiyo watu wote walimwita Kipimo, na yeye mwenyewe akawa anaitikia jina hilo hata kwenye simu.

Nilikuwepo Kiwango kilipochukuliwa, na nilikiandika kwa uangalifu mkubwa. Mwombaji anapiga wimbo mfupi wa lazima. Mstari wa kwanza unakwenda. Mstari wa pili unakwenda pia, kwa shida. Kwenye mstari wa tatu, pale sauti inapotakiwa kupanda, inapasuka na kutoa mlio wa geti lisilotiwa mafuta. Hapo mwombaji anasema "samahani", anakohoa, anagonga stendi kwa kiwiko, karatasi inaanguka, anainama, anaiokota, anairudisha kichwa chini miguu juu, anaendelea kuanzia popote jicho lake litakapotua, na kabla wimbo haujaisha anasema "basi". Wajumbe waliazimia kwamba hayo yote kwa pamoja ndiyo Kiwango, na hakuna ruhusa ya kuchagua sehemu. Kuhusu kikohozi, kama ni kikavu au chenye makohozi, iliundwa kamati ndogo.

Hapa sina budi kutamka maslahi yangu. Mmoja wa waombaji ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Suala lake lilipojadiliwa nilijiondoa kikaoni kwa kuhamia kiti cha pembeni, nikaandikia kutokea huko.

Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kimejaa vitambaa, na nyuma kuna stoo yenye nguo ambazo wateja walikuja kupima wakasahau kuzichukua. Binti anafanyia mazoezi humo, kwa sababu makoti na mashela humeza sauti, na majirani hawana la kulalamikia. Nilikwenda kumpelekea waraka. Nikamkuta ameketi katikati ya magauni ya watu, tarumbeta mapajani, akimwaga mate yaliyokusanyika kwenye bomba kama wafanyavyo wapiga tarumbeta wote, jambo ambalo Kamati ilikuwa mbioni kulipiga marufuku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimekuja kikazi."

"Na chai utakunywa kikazi?" dada yangu aliuliza kutoka kwenye cherehani.

Nilisema ndiyo, kisha nikasoma waraka nikiwa nimesimama. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mjomba, nikipiga vizuri nimefeli?"

"Hujafeli. Utakuwa nje ya Kiwango."

"Na nikiwa nje ya Kiwango?"

"Hupati nafasi."

"Sasa hapo tofauti iko wapi?"

"Kufeli kunamvunja mtu moyo," nikamwambia. "Kuwa nje ya Kiwango ni taarifa tu."

Dada yangu alisimamisha cherehani. "Kaka, hii tarumbeta ni ya shule. Wamemwazima mpaka siku ya usaili, baada ya hapo inarudi kabatini kwao. Akipata nafasi, chuo kitampa ya kwake. Akikosa, atapuliza nini huyu, chupa?"

Nikaupekua waraka; haukugusia chupa. Lakini naomba nieleweke: huyu mtoto nimemsikia akipuliza tangu midomo yake haijatosha kwenye chombo. Hataki udaktari wala ualimu. Anataka tarumbeta, basi. Nilikunywa chai ile bila kuisikia ladha.

Mwishowe akainuka. "Nipeleke nikamsikie huyo Kipimo. Kama wanachotaka ni kuharibu, nitaharibu vizuri kuliko wote."

Na kweli, maandalizi ya mwaka huu yalifana kuliko ya mwaka wowote. Kipimo aliwekwa chumba cha mihadhara, akawa anapiga Kiwango asubuhi na alasiri, na waombaji wakajaa kumtazama wakiwa na kalamu. Ukipita kwenye korido ulikuta vijana wamejipanga ukutani wakifanya mazoezi ya kudondosha karatasi. Wapo waliokuwa wanaidondosha mapema mno, wakarekebishwa. Wapo walioshindwa kabisa kusema "samahani" wakiwa na pumzi mdomoni. Mzazi mmoja alimletea mwanawe mwalimu wa kikohozi.

Mpwa wangu aliwapita wote. Katika ukaguzi wa awali wajumbe walifumba macho wakasema hawawezi kumtofautisha na Kipimo mwenyewe, geti na vyote. Nilijivunia sana. Lakini nilipomsindikiza hadi kituoni aliniambia kitu ambacho kiliniuma. "Mjomba, jana nilijaribu kupiga kawaida, sauti ikapasuka palepale. Midomo imeanza kuzoea."

Ndipo likatokea jambo ambalo Kamati haikulitarajia. Kijana ambaye maishani mwake hakuwahi kurudia wimbo mara mbili, sasa alikuwa anaurudia kila siku mbele ya umati. Kipimo kikaanza kupanda.

Kwanza ilikuwa karatasi. Kiwiko chake kilizoea mahali stendi ilipo, kikawa hakiigongi tena. Baadaye kikohozi kikapotea. Asubuhi moja, alipoukaribia mstari wa tatu, mpwa wangu aliyekuwa ameketi mbele akamwambia kwa sauti ya chini, "Usibane midomo. Pumua toka tumboni." Akapumua. Sauti ikapanda, ikafika, ikakaa. Makofi yakalipuka chumba kizima. Kipimo aliitazama tarumbeta, akaanza kucheka peke yake.

Alasiri hiyohiyo malalamiko yalifika mezani kwangu. "Sisi tumeshajua kudondosha karatasi," walisema waombaji, "mwenzetu hadondoshi tena. Tushike lipi?" Madai yao yalikuwa ya msingi. Kikaitishwa kikao cha dharura.

"Nani amempa kibali cha kupanda?" Mwenyekiti aliuliza.

Tulipekua mafaili. Hakukuwa na kibali.

"Huyu ni mwanangu, lakini kazini sina mtoto," akasema. Akaamuru Kipimo asiguse tarumbeta hadi siku ya usaili, ili Kiwango kirudi chini chenyewe. Tarumbeta ikafungiwa kabatini ofisini kwake, na kijana akakatazwa hata kupiga mluzi.

Hakuna aliyewahi kumkataza kijana yule kitu chochote. Sasa alikuwa amekatazwa, na akawaka.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa dada yangu na mwongozo mpya wa kikohozi. Kutoka stoo nilisikia tarumbeta, halafu kicheko cha watu wawili. Nikafungua mlango. Mpwa wangu alikuwa ameketi juu ya fungu la suruali, na mtoto wa Mwenyekiti amesimama kati ya mashela, tarumbeta ya shule mdomoni. Walikuwa wakipokezana, kila mmoja na kitambaa chake cha kufutia. Na mpwa wangu, alipochukua zamu yake, aliupiga mstari wa tatu bila geti.

"Shikamoo Katibu," Kipimo akasema.

"Marahaba. Sijakuona."

"Sawa. Nitamwambia baba kwamba hujaniona."

"Usimwambie chochote, mwanangu. Endelea kupumua."

Wajibu wangu kisheria ulikuwa kuitaarifu Kamati. Nilitafakari kwa kina, nikabaini kwamba stoo ya dada yangu haikuwa kwenye ajenda yoyote. Nikarudi chumba cha mbele, nikanywa chai, na safari hii niliisikia ladha.

Siku ya usaili ilifika. Kwa mujibu wa sheria ya zamani ya chuo, ambayo Kamati ilikuwa bado inatafuta namna ya kuifuta, alama hutolewa na mtahini kutoka nje. Akaja mama mtu mzima, amevaa sweta, na chupa ya chai mkononi. Ameongoza bendi za matarumbeta maisha yake yote, na wenye fani humwita Bibi Shaba. Aliketi mezani, akawasha kinasa sauti kama utaratibu unavyotaka, ili kila mwombaji arekodiwe kwa namba.

Mwenyekiti alimweleza kwamba ufunguzi ni Kiwango Rejea, ili masikio yake yapate pa kuegemea. Bibi Shaba akasema haya. Kabati lilikuwa limefunguliwa, na Kipimo akaingia na tarumbeta yake.

Alipiga wimbo wote. Sitasema alikuwa hodari, maana mimi ni Katibu, si mwanamuziki. Lakini ulikuwa na mwanzo na mwisho, na mstari wa tatu ulipanda hadi unakotakiwa. Karatasi haikutikisika.

"Vizuri," Bibi Shaba akasema, akaandika.

Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Mama, hicho sicho Kiwango. Huyu kijana amepanda bila kibali."

"Kiwango chenyewe kikoje?"

"Kiko chini zaidi."

"Mimi sijakisikia. Kuna anayekijua?"

"Mimi nakijua," Mwenyekiti akasema. "Kimekaa nyumbani kwangu."

"Basi nionyeshe, baba. Nami nijifunze."

Naomba ifahamike kwamba hakulazimishwa. Aliichukua tarumbeta kwa mwanawe, akafungua kifungo cha koti, akapuliza. Kwanza ulitoka upepo. Akajaza mashavu, akapuliza tena, ukatoka mlio ambao uliwafanya walio karibu na dirisha wageuke kuangalia nje. Akabonyeza vibonyezo vyote kwa pamoja. Akasema "samahani". Akakohoa. Halafu akagonga stendi kwa kiwiko, karatasi ikaruka, ikaelea, ikatua, na hapo waombaji wote, waliokuwa wakichungulia mlangoni, wakapiga makofi kwa moyo mweupe, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu waliyoijua. Aliokota, akapuliza kidogo tena, akasema "basi".

Bibi Shaba aliandika. "Namba yako ngapi?"

"Mimi si mwombaji, mama. Mimi ni Mwenyekiti."

"Umesimama mbele yangu na chombo, umepiga, nimekupa alama. Kwangu huyo ni mwombaji. Katibu, mpe namba."

Nilimpa namba. Waombaji waliobaki walipoingia, kila mmoja aliuliza apige Kiwango kipi, cha baba au cha mtoto, na kila mmoja Bibi Shaba alimjibu vilevile: "Piga unavyoweza." Baadhi walidondosha karatasi kwa mazoea tu. Mpwa wangu alipoingia nilihamia kiti cha pembeni. Aliweka tarumbeta mdomoni, akavuta pumzi, nami nikaacha kuandika. Kwenye kumbukumbu za siku ile pana nafasi tupu hapo, nami sioni haya.

Matokeo yakabandikwa ubaoni. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza. Kipimo alifaulu pia, ila Kamati ikamwondoa siku hiyohiyo kwa kosa la kupanda bila kibali. Mwisho kabisa alikuwa Mwenyekiti, na pembeni yake Bibi Shaba ameandika: "Hakufaulu. Anashauriwa kujiandaa."

Mwenyekiti alilisoma hilo mara kadhaa. Kisha akaja ofisini kwangu na rufaa. Alidai ameonewa, kwamba wenzake walikuwa wamefanya mazoezi na yeye hakuwa amefanya, na kwa hiyo matokeo yote yafutwe, usaili urudiwe kwa Kiwango cha mwanzo.

"Mheshimiwa," nikasema, "yakifutwa, waliofaulu je?"

"Watarudia wakiwa wamepumzika. Mpwa wako pia."

"Tarumbeta yake inarudi shuleni wiki hii."

"Ndiyo maana nasema atapumzika."

Niliinua mhuri juu ya karatasi ile, nimejaa hasira. Lakini rufaa ni haki ya kila mwombaji. Nikaipokea. Na jioni ileile nikapokea nyingine, ya Kipimo, akiomba arudishiwe nafasi yake.

Rufaa husikilizwa na Kamati chini ya Mwenyekiti. Kanuni ya rufaa zote za chuo, aliyoitunga yeye mwenyewe enzi za maegesho, inasema uamuzi utolewe bila kutaja majina, ili watu wasipendelewe, na ukishatiwa saini hautenguliwi. Nikaweka kinasa sauti mezani. Mimi nilijua ipi ni ya nani. Kanuni ilinizuia kusema, na mimi ni mtu wa kanuni.

Niliwasha ya kwanza. Ukaja upepo, ukaja ule mlio, zikaja kelele za karatasi. Mwenyekiti alikunja uso.

"Hiki ni kitu gani? Ni mtu au ni bomba limepasuka?"

"Ni mwombaji, mheshimiwa. Anadai ameonewa."

"Kwa kelele hizi? Wengine hawana hata aibu. Rufaa imetupwa, matokeo yabaki kama yalivyo. Na andika: mtu huyu asikaribie tena shughuli yoyote ya muziki katika chuo hiki, kwa cheo chochote." Akatia saini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Niliwasha ya pili. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukapanda pale unapotakiwa kupanda. Mwenyekiti aliegemea kiti, akafumba macho, akawa anatikisa kichwa taratibu. Sijawahi kumwona na uso mzuri kama ule.

"Mnasikia?" akatuuliza. "Mnasikia pumzi hiyo? Huyu ameonewa, jamani. Apewe anachoomba." Akatia saini hiyo pia, na akatutazama kwa unyenyekevu wa mtu ambaye hataki kupongezwa sana.

"Sasa fungua majina," akasema.

Nikafungua. "Ya pili ni ya mwanao, mheshimiwa. Amerudishiwa nafasi."

Mhasibu aliomba ruhusa ya kutoka nje, na tukamsikia akicheka hadi mwisho wa korido.

"Nilidhani ni mimi," Mwenyekiti akasema.

"Wewe ni ile ya kwanza."

Aliomba kuiona saini yake. Nikamwonyesha. Aliuliza kama kuna namna, nikamjibu hakuna, na wajumbe wakakubaliana nami kwa sauti moja. Kisha nikamkumbusha, kwa upole, kwamba chumba tulichokuwemo ni mali ya Idara ya Muziki, na waliofaulu walikuwa mlangoni wanasubiri kukabidhiwa vyombo.

Alitoka akapishana na mwanawe na mpwa wangu wakiingia. "Shikamoo baba," Kipimo akasema. "Marahaba," akajibu, akapita haraka. Mpwa wangu alipokea tarumbeta mpya, akaigeuzageuza, akaifuta kwa kitambaa chake, akapuliza sauti moja ndefu. Nilikwenda dirishani kujipangusa macho. Chini, nje ya uzio, Mwenyekiti alikuwa amesimama, kichwa kimeinuka, anasikiliza.

"Katibu," akaniita, "nani huyo anayepiga?"

Nikamwambia kanuni hainiruhusu kutaja majina.